Onyesho la Tatu la Bwana Chumvi

Kicheko kilianzia viti vya mbele, kikapanda hadi kwa waliosimama mlangoni, kikarudi tena mbele kikiwa kikubwa kuliko kilivyoondoka. Badria alikuwa amekaa mkekani katikati ya jukwaa, sinia la pilau mbele yake. Kwa muda mfupi midomo yake nayo ilitaka kucheka, maana ukumbi mzima ukicheka mwili wa mtu hauulizi sababu. Kisha yale maneno yakamfika.

Mumewe Khalfani hakusema Siwema.

Siwema ndilo lilikuwa jina la mke wa Bwana Chumvi mchezoni. Badria alikuwa amelisikia miezi minne ya mazoezi, akiwa pembeni na cherehani yake anashona makanzu ya mchezo, mpaka jina lenyewe likawa kama la jirani. Leo mumewe alisimama juu yake, tumbo la mto limetuna chini ya kanzu, fimbo mkononi, ngoma zimenyamaza ghafla, akaimba kwa sauti ambayo hata muuza maji aliyekuwa nje aliisikia:

"Badria binti Hamis, nimekuacha kwa talaka tatu!"

Jina lake. Jina la baba yake. Na tatu.

Wanawake wawili walishapanda jukwaani kumtunza Khalfani, wanacheza kwa mabega, mmoja anambandika noti kwenye paji la uso huku jasho likiishika. Vigelegele vilikuwa vingi. Ukumbi ulijaa watu wa Kariakoo na Gerezani, watu wanaowajua wote wawili, wanaojua kwamba yule mke wa jukwaani ndiye mke wa chumbani, na kwamba hajawahi kupandisha sauti hata sokoni anapopunjwa. Ndicho kilichowachekesha. Badria aliangalia sinia.

Hakutakiwa kuwepo pale. Mchezo wa Bwana Chumvi ni wa zamani. Waliokuwa watoto enzi za redio za mbao wanaujua wote: mume mbishi anayemwacha mkewe kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye pilau, halafu anazunguka mji mzima akitafuta mtu wa kumsaidia ampate tena. Mwalimu Beno, mfundisha kwaya aliyetoka Masasi, ndiye aliyepata wazo la kuugeuza uwe mchezo wa nyimbo tupu, kwa kinanda na ngoma na waitikiaji. Alimchagua Khalfani kuwa Bwana Chumvi kwa sababu Khalfani aliuza vipuri Gerezani, na hakuna fundi Gerezani ambaye hajawahi kuangusha spana kwa kucheka maneno yake.

Ijumaa, onyesho la kwanza, watu waliangalia simu zao. Jumamosi walikuja wachache zaidi, na mmoja alikoroma. Khalfani alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda, chakula hakugusa.

"Hawakucheka, Badria. Hata pale pa chumvi! Redioni watu walikuwa wanalia machozi pale."

Badria alimsogezea sahani. Miaka minne ya ndoa, hawajapata mtoto bado, na hivyo ndivyo walivyoishi: yeye Khalfani anaongea, Badria anasogeza sahani. Alimpenda. Watu walishangaa jinsi mtu mwenye maneno mengi vile alivyomchagua yeye, na Badria mwenyewe alikuwa hajaacha kushangaa.

Jumapili mchana Benedikta, aliyekuwa akiigiza Siwema, akapigiwa simu ya msiba kutoka Nachingwea, akaondoka na nguo aliyovaa. Mwalimu Beno alimkuta Badria nyuma ya pazia anakaza vifungo.

"Dada Badria, niokoe. Mke wa Bwana Chumvi pale hasemi hata neno moja. Anakaa, anaachwa, anatoka na sinia lake. Nyimbo zake wataimba wenzio nyuma ya pazia."

"Huyu?" Khalfani akadakia. "Mwalimu, huyu ataanguka kabla pazia halijafunguka. Utamzoa kwa beleshi."

Wote wakacheka. Halafu Khalfani akanyamaza, akamtazama mkewe kwa macho yaliyowaka kama ya mtu aliyekumbuka alipoficha kitu. Badria alidhani ni furaha ya onyesho kupona. Kwa ajili ya yale macho alikubali.

Sasa vigelegele vilikuwa vinaanza kupungua, na katikati ya kupungua kwake mtu alisimama kiti cha mbele.

"Simamisheni! Wewe wa ngoma, acha! Acha nakwambia!"

Alikuwa Bi Ghada, mama mtu mzima wa Kiarabu anayeuza udi na manukato, mwenye nyumba waliyopanga Badria na mumewe. Alikuwa amevaa baibui lake la kutokea na mkoba umebanwa kwapani.

"Heee, Bi Ghada naye yumo!" mtu akapiga kelele nyuma, na watu wakacheka tena.

"Simo!" alisema Bi Ghada bila kugeuka. "Khalfani, umesema nini?"

Khalfani bado alikuwa na noti kwenye paji la uso. "Maneno ya mchezo, Bi mkubwa."

"Umemtaja nani?"

Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kunyamaza. Haukunyamaza kwa pamoja. Ulinyamaza mstari kwa mstari, kama taa zinavyozimwa dukani. Badria alisikia mwanaume mmoja akinong'ona, "Kasema tatu?" na mwenzake akajibu, "Tatu, bwana." Mwingine akasema, "Astaghfirullah." Mwanamke aliyekuwa akimtunza Khalfani akaushusha mkono wake polepole, noti nyingine ikiwa bado vidoleni, akashuka jukwaani kinyumenyume.

Mwalimu Beno alitokea pembeni na karatasi zake. "Jamani, samahani, wimbo huu nimeutunga mimi mwenyewe. Ni wimbo tu. Hakuna aliyeachwa hapa."

"Mwalimu," Bi Ghada alimwambia, na sauti yake haikuwa ya ukali sasa. "Kwenye mchezo wa zamani Bwana Chumvi alikuwa anaandika barua. Anamrushia mkewe barua, mke anaisoma analia. Wewe umeiondoa barua ukaweka wimbo. Kwa nini?"

"Niliona... wimbo unapendeza kuliko barua, mama."

"Wale wazee walikuwa wanaigiza na wake zao wa ndoa. Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyelifungulia kinywa neno lile. Wewe hukujua, dini yako nyingine, sikulaumu. Lakini huyu," alimnyooshea Khalfani kidole, "huyu kafundishwa chuoni tangu ana meno ya utoto. Kuoa na kuacha havina mzaha. Akitamka kwa mzaha, katamka."

Karatasi zikamteleza Mwalimu Beno moja baada ya nyingine na hakuna aliyeinama kuziokota. Watu walianza kutoka. Walitoka bila kelele, wakimpita Badria kwa macho ya pembeni kama wanavyoupita mlango wenye msiba. Onyesho lile halikuimbwa mpaka mwisho, na Bwana Chumvi hakupanda tena jukwaani.

Nyuma ya pazia Khalfani aliuvuta mto kutoka tumboni, akautupa. "Haya, vaa viatu, twende nyumbani. Bi Ghada anapenda makuu." Akamshika mkewe mkono.

"Usimguse," Bi Ghada alisema kutoka mlangoni.

Badria aliuangalia ule mkono uliomshika. Aliufahamu kovu kwa kovu: lile la bisibisi, lile la mafuta ya moto. Mkono ukamwachia, na mahali ulipokuwa ngozi yake ikabaki na ubaridi. Bi Ghada akamchukua kama mtu anayemchukua mgonjwa, wakatoka.

Jua lilikuwa bado liko juu. Walikata uwanja wa Mnazi Mmoja kwa miguu, Badria akiwa bado amevaa gauni la Siwema alilolishona mwenyewe, lenye shanga kifuani, na vijana waliokaa kwenye ukuta wakapiga miluzi: "Bibi harusi! Bwana harusi kakimbia?" Bi Ghada aliwajibu tusi moja la Kiarabu. Badria alitembea akiangalia miguu yake inavyoinuka na kushuka. Aliiona ni ya mtu mwingine.

"Utalala kwangu juu," Bi Ghada alisema walipofika. "Yeye abaki chini. Kesho asubuhi mtaenda kwa Shehe Abdulswamad, awaambie mkoje."

"Nimeachika?" Badria aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jukwaani.

"Mimi si shehe, mwanangu. Mimi nilishtuka tu."

Asubuhi Najma, rafiki yake wa chumba cha pili, alipanda ngazi na chapati mbili na chai ya tangawizi. Aliketi karibu sana, akatoa simu yake, akaongea kwa kunong'ona japo Bi Ghada alikuwa dukani.

"Shoga, mimi nilirekodi jana. Wimbo wote. Jina lako lilisikika kama adhana." Akamgeuzia kioo cha simu. "Angalia. Hamna kitu. Nimeifuta. Nimekufutia."

Badria alikitazama kioo cheusi akaona uso wake humo, mdogo.

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Badria! Mtu anaokoa nyumba yako unamuuliza kwa nini?" Najma alimega chapati akampa mkononi kama mtoto. "Sikiliza. Mtaa mzima umeshakubaliana. Muuza kahawa anasema alikuwa nje anatafuta chaji. Mama wa maandazi anasema vigelegele vilimziba masikio. Wale waliomtunza hata hawakumbuki wimbo gani. Hakuna aliyesikia. Kasema Siwema, basi, mambo yameisha. Nani anataka kuvunja ndoa ya mtu kwa ajili ya mchezo?"

Usiku kucha Badria alikuwa ameshtushwa na lile neno la mumewe. Sasa alishtuka upya, kwa namna nyingine. Ukumbi mzima ulisikia, na asubuhi moja tu imetosha, hakuna aliyesikia. Wote wamefanya kwa kumpenda. Alitafuna chapati na haikuwa na ladha yoyote.

"Na Bi Ghada?" aliuliza.

"Watu wanasema ana kinyongo na Khalfani tangu ile kesi ya mfereji wa maji machafu. Hata akisema, nani atamsikiliza?"

Najma alipoondoka, Khalfani alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama ngazi ya mwisho, mlango umerudishwa kati yao, na Badria akaona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

"Badria."

"Abee."

"Umepata usingizi?"

"Hapana."

"Hata mimi." Alikohoa. "Saa nne tunaenda kwa Shehe. Nitasema nilisema Siwema. Wote wamekubali, hata Bakili mpiga ngoma. Umebaki wewe tu."

Badria alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Ilikuwa rahisi kuongea na mtu asiyemwona. "Ngoma zilinyamaza kabla hujanitaja," alisema. "Siku zote pale ngoma zinapigwa. Jana zilinyamaza."

"Tuliongea na Bakili," Khalfani alisema. "Nilimwambia nikifika pale anyamaze. Ili lisikike."

"Ulijua tangu mchana?"

"Badria, siku mbili! Siku mbili watu wamenikodolea macho kama samaki wa kwenye barafu. Umewahi kusimama mbele za watu unafanya kile kitu kimoja tu unachokijua, na hakuna anayecheka? Nilipoona ni wewe utakaa pale, nikajua kabisa watacheka. Na walicheka. Uliwasikia?"

"Hukuniambia."

"Ungekataa."

Alisema vile bila kuona amesema nini. Miaka minne Badria alidhani mtu huyu alimchagua kwa kuwa aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Pengine alikiona kweli. Na alipokihitaji alikitoa akakiweka jukwaani.

"Sikuwa na nia," Khalfani aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imekauka. "Wallahi sikuwa na nia ya kukuacha. Nikuache niende wapi? Unanijua. Shehe akikuuliza, huna hata haja ya kudanganya. Inamisha kichwa tu kama unavyoinamishaga. Wewe si msemaji. Miaka yote umenyamaza, nyamaza na leo, halafu turudi nyumbani."

Badria aliiona nyumba hiyo. Chumba, kitanda, cherehani dirishani, kikombe chake cha bluu. Alitaka kurudi. Kuinamisha kichwa tu! Kitu gani kingekuwa rahisi zaidi kwake?

Saa nne walikuwa kwa Shehe Abdulswamad, kwenye kile chumba cha pembeni ya msikiti ambamo watoto husomea. Mbao za kuandikia zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Nje mikokoteni ilipita, na mtu alikuwa akitangaza bei ya vyombo vya plastiki kwa spika iliyokwaruza. Bi Ghada alikuja nao, akakaa karibu na mlango. Badria alikuwa amemuuliza njiani kama atasema alichosikia.

"Nisingeweza kunyamaza jana," Bi Ghada alimjibu. "Leo nitanyamaza. Ndoa si yangu."

Shehe alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza kama fundi saa anavyosikiliza saa.

"Khalfani," alisema, "mwigizaji akisimulia maneno ya mtu wa kwenye hadithi, kwa jina la yule mtu, hiyo ni hadithi ya mwingine, na mimi sina neno nayo ingawa siipendi. Lakini mume akimtaja mkewe, kwa jina lake, na mke yuko mbele yake, hapo hakuna mchezo tena. Mimi sikuwepo. Ulimtaja nani?"

"Siwema, Shehe."

"Mashahidi?"

"Hakuna aliyesikia jingine."

Shehe alimtazama Bi Ghada. Bi Ghada aliangalia mbao za ukutani. Shehe akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba.

"Basi ni kiapo cha mume na yakini ya mke. Mume akiapa, kwa hukumu ya nje mimi nitasema ndoa ipo. Lakini nikwambie na wewe, binti," alimgeukia Badria, na kwa mshangao wake hakumuuliza chochote, "kama wewe kwa masikio yako ulisikia jina lako, kiapo chake hakikufungulii wewe mlango. Utakuwa unaishi na mtu ambaye unajua si mumeo, na hilo utalibeba peke yako. Hakuna wa kukusaidia." Kisha kwa Khalfani: "Una udhu?"

"Sina."

"Bomba liko nje. Katawadhe, uje ushike Msahafu."

Khalfani alitoka. Mlango ulikuwa wazi, na Badria akamwona akiinama bombani. Alikunja mikono ya shati. Akaosha viganja. Akateka maji akasukutua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa utaratibu mzuri aliofundishwa utotoni, akiyazungusha maji kinywani mashavu yakituna, akiyatema mferejini. Alikuwa anakiosha vizuri kile kinywa. Anakiosha ili akaape nacho.

Badria alikuwa amekwisha kuamua kuinamisha kichwa. Hakika alikuwa ameamua. Alikiona kikombe cha bluu. Lakini kuyasikia yale maji yakitemwa, mshtuko ulimpanda kutoka miguuni kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme. Jana mtu huyu alimtoa yeye kwa ajili ya kicheko, leo anakwenda kujitoa mwenyewe kwa kiapo cha uongo, na yeye Badria amekaa mkekani tena, anatazama, hasemi hata neno moja.

Khalfani aliingia, maji yakimchuruzika viwiko. Shehe akanyoosha Msahafu. Khalfani akanyoosha mkono wa kulia.

"Asiape."

Sauti ilitoka kubwa. Watu wote watatu waligeuka kumtafuta aliyesema, na kwa nukta moja hata Badria mwenyewe alidhani ni mtu mwingine.

"Shehe, asiape. Alinitaja mimi. Alisema Badria binti Hamis. Nilimsikia, na ukumbi mzima ulimsikia."

Mkono wa Khalfani ulibaki hewani. Rangi ilimtoka usoni, midomo ikawa ya kijivu. Alimtazama mkewe kama mtu aliyegongwa na gari lililokuwa limeegeshwa.

Shehe aliurudisha Msahafu juu ya rafu taratibu. Akaongea kwa upole.

"Khalfani. Ulimi wakati mwingine huteleza. Mtu amezoea jina la mkewe, amekusudia kusema Siwema, likatoka lile analoliita kila siku. Kama uliteleza, sema. Hilo lina mlango wake, na mimi niko tayari kukufungulia. Uliteleza?"

Ulikuwa mlango mzuri, uko wazi kabisa. Bi Ghada aliuona, akapumua kwa nguvu. Badria aliuona pia. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama Khalfani moja kwa moja usoni, bila hasira, akasubiri. Kama atasema ndiyo, nani atajua zaidi ya Bakili, na Bakili ameshakubali kunyamaza? Na yeye Badria, angesema tena? Hakujua. Alisema neno lake lote, na sasa mwili ulikuwa mtupu.

Khalfani alifungua kinywa. Tabasamu lake la Gerezani lilijaribu kuja, likafika nusu ya shavu, likaanguka.

"Sikuteleza," alisema. "Nilimwambia na mpiga ngoma anyamaze ili lisikike vizuri."

"Subhanallah," alisema Bi Ghada.

"Na ni tatu," Shehe alisema.

"Ndivyo wimbo ulivyo. Tatu." Kisha Khalfani akakaa chini kwenye saruji palepale, shati limelowa. "Nilitaka wacheke, Shehe. Wallahi ni hivyo tu."

"Najua," Shehe alisema. "Ndiyo maana tulionywa."

Akawaeleza yaliyobaki kwa maneno machache. Hakuna kurejeana. Eda, ule muda wa mke kungoja baada ya kuachwa, inahesabiwa tangu jana. Badria alikuwa ameshajiandaa kuomba hifadhi kwa Bi Ghada, au nauli ya kwenda kwa mama yake Lindi, na alikuwa akizipanga nguo zake kichwani aliposikia Shehe akisema, "Chumba ni chake mpaka eda iishe. Atakayehama ni wewe."

"Mimi?" Khalfani aliuliza.

"Wewe. Na matumizi yake ni juu yako kama kawaida. Usiingie humo. Ukihitaji kitu chako, simama nje, upewe."

Walirudi kwa mstari, Bi Ghada mbele, Badria nyuma yake, Khalfani mbali kidogo, akiwapisha wapagazi na marobota yao kila hatua. Fundi mmoja wa Gerezani alimwona akapaza sauti, "Bwana Chumvi! Mambo?" Khalfani hakumjibu. Fundi akabaki ameduwaa na mkono juu, kwa sababu tangu amjue, hajawahi kumsalimia Khalfani akakosa jibu la kuchekesha.

Ukumbini mwa nyumba milango ilikuwa nusu wazi. Najma alikuwa amesimama kwenye wake, simu mkononi, macho yanauliza. Badria alimtikisia kichwa kidogo. Najma akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Badria alifungua chumba, akaingia. Kila kitu kilikuwa pale pale, na hilo nalo lilimshtua. Alitegemea kukuta kitu kimevunjika. Alitoa begi chini ya kitanda. Akaweka suruali mbili, mashati, kanzu ya Ijumaa, mswaki, dawa yake ya kifua. Mikono ilijua kila kitu kilipo. Aliifunga zipu akalibeba mpaka mlangoni.

Khalfani alikuwa amesimama nje ya kizingiti, vidole vya miguu vimefika mstari wa saruji na havikuuvuka. Alinyoosha mikono akalipokea begi.

"Nitakuwa kwa kaka, Gerezani," alisema. "Ukihitaji kitu, mtume Najma."

"Sawa."

"Badria, mimi..."

Wakati Badria akiinua begi kumpa, mtandio wake ulikuwa umeteleza mabegani, kama ulivyokuwa ukiteleza kila siku chumbani humo bila yeye kujali. Nywele zilikuwa wazi, na Khalfani alikuwa akizitazama. Badria aliona anazitazama. Akaushika mtandio kwa mikono miwili, akauvuta juu ya kichwa, akaupitisha chini ya kidevu, akaubana vizuri, kama anavyofanya kila anapobishiwa hodi na muuza mkaa.

Khalfani aliuona ule mkono unavyobana. Akainamisha macho yake chini, akageuka na begi lake.